Grisi ya Chunya

Nimelinunua Mwanjelwa, nyuma ya mafungu ya mitumba,
kwa mwanamke mwenye haraka ya basi la Chunya:
sanduku la mbao lenye bawaba moja,
ndani yake sufuria nzito ya kuyeyushia risasi,
upawa wenye mdomo mwembamba,
mtambo wa kushindilia, mpini wake mrefu kama wa pampu,
na kalibu, koleo lenye taya mbili
lililouma meno likagoma kuachia.

"Vya marehemu baba," alisema. "Bunduki tuliirudisha polisi,
wakatupa karatasi. Hivi hawakuviuliza."
Hakupunguza hata mia tano.

Mimi ni fundi mizani. Nilitaka sufuria na upawa, basi.
Geuza jiwe la kilo, lolote, utakuta kitobo tumboni
kimezibwa kwa risasi, na juu yake muhuri.
Tone hilo ndilo linalolifanya jiwe liseme kweli.
Risasi. Lugha yetu haikuona sababu ya kuvitenga:
madini, na kile kinachotoka mtutuni,
ulimi unagonga palepale.

Jumapili. Baridi ya Juni. Loleza imejifunika gubigubi.
Nimetandika magazeti barazani,
mafuta ya taa kwenye kopo la maziwa,
mswaki wa Lusajo wa mwaka jana,
spoku ya baiskeli niliyoichonga ncha.

Grisi hii si ya dukani.
Juu ni nyeusi, imeganda na vumbi jekundu la Chunya;
chini yake kahawia, kama sukari guru;
chini kabisa, ukiikwangua na kuipa joto la vidole,
bado ni nta. Inanuka mzinga. Inanuka kondoo.
Mtu aliichemsha jioni moja, labda kwenye mafiga yaleyale
yaliyotoka kuivisha mboga ya watoto,
akaionja kwa kidole kama uji: bado nyepesi.
Mafuta ya namna hii hayaozi. Yanazeeka
kuwa ukaidi.

Kwenye mpini wa mtambo nimekuta dole gumba.
Limechapwa wazi, mistari yote ipo,
na kovu limeikata katikati.
Nimewaona wazee wakitia sahihi hivi
benki, kwenye hati ya shamba, kwenye mkopo wa mbolea.
Huyu alitia sahihi hati gani?
Sikuuliza aliwinda nini. Swala, nadhani.
Nguruwe pori kwenye mahindi. Au usiku mmoja
mbwa wamebweka, na yeye

Nimechovya kitambaa. Nimefuta.

"Shangazi, si umesema hiyo nyingine huitaki?"
"Siitaki."
"Sasa mbona unaisafisha?"
Nikamtuma maji.

Saa sita kalibu bado imefumba.
Nimeiweka karibu na jiko, mbali kidogo, nimeisubiri
kama unavyomsubiri mtu aliyenuna.
Kwanza jasho la asali kwenye bawaba.
Kisha tone. Kisha, bila nguvu,
taya zikaachana kwa sauti ndogo ya busu.

Ndani, chuma kinang'aa kama kimetoka kiwandani jana.
Hakuna kutu, hata chembe.
Miaka yote ile uchafu ulikuwa unaitunza.
Nilikuwa na mswaki mkononi, nikaona haya kidogo.

Nusu duara huku, nusu duara kule.
Nikazifunga, nikazielekeza dirishani:
uzi wa mwanga unapita bado, mwembamba, upande wa kushoto.
Haifungi sawasawa. Pengine haikuwahi.
Pengine risasi zake zote zilikuwa na ukosi mdogo,
na mzee alizikata kwa kisu, moja moja, akipiga mbinja.

Lusajo amerudi na ndoo, na ukanda wa njegere mfukoni.
Amepasua ganda, akachagua moja ya kijani, iliyojaa,
akaiweka kwenye shimo, akaifunga kalibu polepole.
"Imeenea," anasema.
Akaifungua, akaitoa, akaila.